Ubao wa Kufutia Brashi

Sina ugomvi na picha zisizo na sura ya kitu. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinisikia nikifoka juu ya maonyesho yale, hudhani mimi ni mmoja wa wale wanaosimama mbele ya mistari na madoa wakasema hata mbuzi akikanyaga rangi anaweza. Mimi nilikuwa mkalimani wa picha hizo. Nilizisimamia wiki mbili mjini Bukoba, nyingine nikazielewa, mbili tatu nikazipenda, na moja ya manjano yenye ufa mweusi katikati naikumbuka mpaka leo kwa hamu. Ugomvi wangu ni na maneno mawili yaliyochapishwa chini ya picha moja. Hasira yake haijapoa, na sioni kwa nini ipoe.

Baba yangu alikuwa mwandishi wa vibao. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango ukitazama barabarani, na kila aliyepita alimwona ameinama na brashi yake nyembamba, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Aliandika majina ya maduka, ya mabasi, ya shule na ya mitumbwi. Kisha ikaja vita, na baada ya vita ukaja ugonjwa wa ukimwi, ule ambao mwanzoni tuliuita Juliana kwa jina la vitambaa vya magendo, kana kwamba ukiupa jina la kitambaa utachakaa wenyewe. Maduka yakapungua, misalaba ikaongezeka. Ilifika mahali baba akawa anaandika misalaba mitatu kwa siku, na jirani yetu fundi seremala akawa hana hata muda wa kupiga randa.

Alikuwa na sheria moja. Brashi iliyoandika jina la marehemu haikurudi kwenye kopo kabla haijafutwa ubaoni. Wala haikufutwa ovyo: kila marehemu alipewa mahali pake, na rangi ya mmoja haikufunika ya mwingine. Ubao wenyewe ulikuwa ubawa wa mlango wa mvule, mzito, uliotoka kwenye duka la familia moja ya Kihindi. Walipofunga duka na kuhama, mwenye duka alimwachia baba ubawa ule kwa kuwa ndiye aliyeandika jina lao juu yake. Baba akalipiga msasa jina, akauegemeza ukutani karibu na dirisha, na hapo ukakaa.

Alama ya kwanza ilikuwa ya kaka yangu. Alikwenda vitani na mgambo, akavuka mto Kagera, na hatukumwona tena. Ilikuja barua. Haikusema amezikwa wapi, ilisema tu kwamba amefia nchi yake. Baba akachonga msalaba wa mkaratusi, akaupaka chokaa, na kwa kuwa rangi nyeusi ilikuwa haipatikani mjini mwaka ule, akaandika jina la mwanawe kwa buluu iliyobaki alipopaka mlango wa kanisa. Alikuwa amepiga magoti. Alipomaliza akageuka akafuta brashi kwenye ule mvule, chini kabisa, usawa wa goti.

Msalaba ule haukupata pa kusimama. Ukoo ulikaa, wazee wakasema kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, huzikwa mtu, msalaba hauzikwi peke yake, tusije tukamwita maiti mwingine. Sikubaliani nao hata leo, lakini mimi nilikuwa binti na kikao hakikuwa changu. Msalaba ukabaki karakanani masika mawili, mchwa wakaula wote. Mvule haukuliwa. Kwa hiyo kaka yangu, ambaye kila mwenzake ana kaburi lake katikati ya migomba ya kwao, alibaki na alama ya buluu yenye urefu wa kiganja kwenye mlango wa duka la watu waliohama. Mama alipokuwa hai alikuwa akipita pale asubuhi anaigusa kwa ncha za vidole kabla ya kwenda shambani. Yake mwenyewe ikafuata baadaye, ya kahawia, juu kidogo ya ile ya buluu.

Hapo ndipo wageni walipotukuta.

Yalikuwa maonyesho ya kutembea. Watu wa ng'ambo walikuwa wamekusanya picha za wachoraji wa siku hizi, zao na za wachache wetu, wakazifunga kwenye makasha na kuzizungusha mikoani kwa lori. Walipanga Bukoba wiki mbili, Muleba siku tatu, kisha warudi wavuke ziwa kwa meli. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, na kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa kinasifiwa, nikaombwa niwe mkalimani. Niliringa, nisiseme uongo. Nilishona gauni jipya.

Mkuu wa msafara alikuwa mama wa Kizungu mwenye nywele fupi za mvi na viatu vya kiume. Alihitaji kibao cha kuweka nje ya ukumbi, nami nikampeleka kwa baba. Baba alimkaribisha inavyopaswa, akamtolea akamwani kwenye kikapu kidogo, buni zile za kutafuna ambazo mgeni hazikatai. Mama yule akachukua moja, akaiweka mdomoni, kisha akauona ubao.

Akasogea, akarudi nyuma, akachuchumaa. Wakati ule alama zilikuwa zimepanda kutoka chini mpaka juu ya kichwa cha mtu: nyeusi nyingi, lakini pia kijani, nyekundu ya bati, manjano ya basi, chochote kilichokuwa kwenye kopo siku ile msiba ulipobisha hodi. Akaniuliza ni nini. Nikamweleza kila kitu, hata alama ya kaka nikamwonyesha kwa kidole. Akaweka mkono mdomoni, machozi yakamtoka. Nasisitiza kwamba nilimweleza, maana baadaye kuna watu waliotaka kunifariji kwa kusema labda hakujua.

"Mwambie baba yako," alisema, "kwamba katika safari yangu yote sijaona kitu kizuri kuliko hiki."

Nikamwambia. Baba akainamisha kichwa, akatabasamu.

"Mwambie ni chake," akasema.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Kwa baba na wazee wa rika lake, mgeni akikisifu kitu chako humjibu "asante" ukaishia hapo. Unamwambia ni chake. Mgeni naye anajua la kufanya: anakipokea kwa mikono miwili, anakaa nacho kwa heshima siku za ugeni wake, na siku ya kuondoka anakurudishia mikononi na kusema, nakuachia unitunzie. Kitu kinabaki kwako, ila sasa kina wenyewe wawili, na ninyi mmekuwa ndugu. Nilikuwa nimeona jambo hilo likifanyika kwa kibuyu, kwa mkuki, hata kwa mbuzi. Nilihitaji sentensi moja tu ya ziada kumweleza yule mama. Lakini nilikuwa nimepewa maneno mawili, nami nikatafsiri maneno mawili, safi, bila kosa la sarufi, nikajiona hodari.

"Anasema ni chako."

Mama yule akampokea baba mkono kwa mikono miwili. Baba akaridhika kabisa, akaniambia baadaye, "Huyu amefundwa kwao." Kesho yake vijana wanne wakaja na lori wakaubeba.

Ukumbini waliutundika ukuta wa mwisho, peke yake, taa mbili zikiumulika. Nakiri ulipendeza. Baba alikuja siku ya ufunguzi amevaa koti lake la kanisani, akazipitia picha moja moja, mikono nyuma. Chini ya kila moja palikuwa na karatasi, nami nilikuwa nikimsomea: Bila jina, namba tatu. Bila jina, namba nne. Bila jina, namba saba. Alipofika ya nane akasimama.

"Mwana wange, hawa wote hawakupewa majina? Wazazi wao walikuwa wapi?"

"Ndiyo mtindo wao, Tata."

"Wakitaka nitawaandikia. Waniambie tu nani ni nani."

Nilicheka. Niliona ni utani wa mzee. Baba hakuwa anatania.

Jumapili ya kwanza, baada ya misa, wakaanza kuja. Habari ilikuwa imekwenda kwa miguu mpaka Kashozi, Maruku na Kaagya kwamba ubao wa misalaba umewekwa mahali pa heshima na taa. Wakaja akina mama na khanga zao mbili, wazee na fimbo, wakapita picha za watu bila kugeuza shingo, moja kwa moja hadi ukuta wa mwisho. Baba alikuwa amekaa pale kwenye kiti. Mama mmoja kutoka Kaagya akapiga goti mbele yake, akauliza kwa adabu ya Kihaya.

"Wangu yuko wapi, waitu?"

Baba hakuangalia daftari lolote, hakuwa nalo. Akainuka akaweka kidole. "Wako huyu, wa kijani. Ulitaka kijani kwa sababu ya sketi yake ya shule."

Mama yule akaweka kiganja juu ya alama ile. Mlinzi akaja mbio, kwamba picha hazishikwi.

"Mwache amsalimie," baba alimwambia, na mlinzi, ambaye alikuwa mtu wa hapa hapa, akarudi nyuma akavua kofia.

Ikawa hivyo kila siku. Mkuu wa msafara alifurahi kupita kiasi. Alipiga picha umati, akanishika bega, akaniambia ameshangaa jinsi watu wetu wanavyoielewa sanaa ya kisasa bila kufundishwa. Nilimjibu kwamba wamekuja kuwaona wafu wao. Akasema, "Ndiyo, ndiyo, hasa," akaandika kwenye kijitabu chake. Siku hiyo nilianza kumchukia, na nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa na macho. Kipofu ungemsamehe.

Siku ya kuondoka, baba aliamka mapema. Akavaa koti, akafagia mahali pa ubao karibu na dirisha, akaweka akamwani kwenye kikapu, akakaa mlangoni kumngojea mgeni wake aje amrudishie. Ilipokaribia saa nne lori likatokea. Baba akasimama akanyoosha mikono miwili mbele, vile unavyopokea mtoto. Lori likapunguza mwendo kwenye kona, mkuu wa msafara akatoa kichwa dirishani, akatupungia, akapaza sauti asante, na likaongeza mwendo.

Baba alibaki amenyoosha mikono. Nilitamani ardhi inimeze.

"Labda wamesahau," akasema. "Muleba si mbali. Nenda ukawakumbushe, usiwaaibishe."

Kesho yake asubuhi nikapanda basi la Muleba. Ukumbi walioupata huko ulikuwa mdogo, ubao umepigiliwa misumari juu karibu na dari. Misumari! Mmoja ulikuwa umepita katikati ya alama ya mtu. Nikamkuta mkuu wa msafara akinywa chai na ofisa mmoja wa pale, nikamweleza, safari hii sentensi zote, ile niliyoimeza na nyingine kumi. Nikamweleza mikono miwili, mgeni, kuachiana. Nikamweleza kwamba ile ya buluu chini ni kaburi, hatuna jingine.

Akanisikiliza vizuri. Alikuwa msikilizaji mzuri, mwanamke yule. Kisha akasema, kwa upole, kwamba baba alimpa mbele ya mashahidi, kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyetafsiri, kwamba ubao umeshaandikwa kwenye orodha ya kusafirishwa na sasa utaonwa na watu wengi mno, na je, si bora kaka yangu aonekane na dunia nzima kuliko kukaa kwenye chumba cha vumbi?

"Kaka yangu hakuomba kuonekana," nilimwambia. "Hata kwenda kule vitani hakuomba."

Nikapaza sauti. Nikasema maneno ambayo mwalimu hasemi. Ndipo ofisa akaingilia, kwa Kihaya, chini chini, akitabasamu upande wa mgeni.

"Mwalimu, usituaibishe. Hawa ni wageni wa serikali. Ubao tu, waitu, nitakutafutia mwingine."

Nilimtazama. Msalaba wa dada yake ulikuwa umeandikwa na baba mwaka uliotangulia, kwa nyekundu ya bati, na alama ilikuwa pale juu, kulia, mkono wangu haukufika. Nilimwonyesha. "Na huyu je?" nikamuuliza. "Naye utamtafutia mwingine?" Aliangalia kikombe chake cha chai. Hakuinua macho mpaka nilipotoka. Mzungu yule nimejifunza kumwelewa, ana nchi yake na uroho wake. Huyu wetu sijui nimwelewe vipi, na kila nikimkumbuka natamani ningemwaga ile chai.

Kabla sijatoka nilifanya jambo moja la mwisho. Nilichana karatasi kwenye daftari langu la shule, nikaandika kwa herufi kubwa jina la baba, kazi yake, na jina la kaka, nikampa yule mama. Nikamwambia kama hamrudishi, basi andikeni haya chini yake. Akaisoma, akaikunja mara mbili, akaiweka mfukoni mwa shati, akaupapasa ule mfuko na kuniahidi.

Nilimwambia baba nini? Nilimwambia wameomba kukaa nao zaidi kidogo. Akakubali. Mgeni akiomba muda hupewa. Akaendelea kuandika misalaba, maana watu hawakuacha kufa, na brashi akawa anaifuta kwa matambara na kuyachoma nyuma ya nyumba. Waliokuja kuuliza mtu wao yuko wapi aliwaambia amesafiri. Ukutani palibaki pamefagiliwa.

Miaka miwili baadaye kikafika kitabu, kwa posta, kizito, karatasi za kung'aa, jina langu juu ya bahasha na kadi ya salamu ndani. Baba wakati ule macho yalikuwa yameanza ukungu. Nilitaka kukificha, lakini alikuwa ameshaona stempu. Tukakifungua kwenye meza ya karakana. Ukurasa wote mmoja ulikuwa ubao wetu, nao ulikuwa umetundikwa juu chini.

Baba alikigeuza kitabu taratibu mpaka mambo yakakaa sawa, akasogeza uso karibu, akapapasa karatasi kwa kidole mpaka akaifikia buluu.

"Huyu hapa," akasema. Kisha akahamisha kidole kidogo. "Na mama yako huyu."

Halafu akauona mstari wa maandishi.

"Wameandika nini? Nisomee."

Kwa Kiingereza iliandikwa: Bila jina. Rangi juu ya mbao. Na mbele yake: msanii hajulikani. Hajulikani! Nilimwandikia kwa mkono wangu, kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la kwanza angezisoma. Baba alimpa akamwani, akamshika mkono, akakaa kwenye kiti wiki mbili nzima mbele ya umati wake. Na kwa kuwa mara ya kwanza nilitafsiri sawasawa nikaangamiza, safari hii nikadanganya. Nikalitaja jina lake, taratibu, jina la ubatizo na la ukoo, na la kaka nikaongeza.

Baba alisogeza uso tena kwenye mstari ule. Nilikuwa nimesahau ninamdanganya nani. Mtu yule alikuwa ameandika majina maisha yake yote.

"Jina langu ni refu kuliko hapo," akasema. "Na la kaka yako linaanza kwa herufi yenye tumbo. Hapa sioni tumbo. Nisomee kilichoandikwa, mwana wange."

Nikamsomea.

Alinyonya jino. Nilimngojea akasirike, nilitaka akasirike, nilihitaji mwenzangu katika hasira ile. Badala yake akaniagiza kopo la buluu kwenye rafu ya chini, akachagua brashi nyembamba kuliko zote, akainama juu ya ile karatasi ya kung'aa, ulimi pembeni mwa mdomo. Nilidhani ataandika jina lake. Hakuandika lake. Aliandika la mwanawe, lote, chini ya ubao, mstari umenyooka ingawa macho yalikuwa yameanza kufifia, na ile herufi yenye tumbo akaichora kwa raha kabisa.

Alipomaliza, mkono wake ukaenda wenyewe upande wa dirisha, kule ulikozoea, ukafuta brashi. Mvule haukuwepo. Brashi ikapita kwenye ukuta mweupe ikaacha alama ya buluu, urefu wa kiganja. Akashtuka, akatafuta tambara. Nikamshika mkono.

"Iache, Tata."

Baba sasa yuko kibanjani, karibu na mama, na msalaba wake niliuandika mimi, herufi zimepinda. Nyumba tumeipaka chokaa mara nyingi tangu wakati huo. Kila fundi anayekuja namwonyesha pale karibu na dirisha namwambia aruke. Wote huuliza ni nini. Nami namtajia kila mmoja jina la kaka yangu, na jina la aliyeiweka, nikamngoja ayarudie yote mawili ndipo nimruhusu kuchovya brashi.